Poda Chini ya Manowari

Sajini Chengo aliambiwa azoe, asiangalie.

Ndivyo Inspekta Whitlow alivyomwagiza asubuhi ile: panda juu kwa yule Mhindi Fakhruddin, zoa vimanowari vyote, tia ndani ya sanduku, leta, kisha weka sahihi. Jioni Fakhruddin angepakiwa kwenye garimoshi na kupelekwa bara, kwenye kambi ya washukiwa wa vita. Huko mtu huingia bila hakimu wala wakili, na hutoka vita vikiisha, kama vita hivi vina kwisha.

Azoe! Kana kwamba ni takataka za soko. Chengo alikuwa askari kanzu tangu kabla ya vita, na hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kuzoa. Aliliweka sanduku tupu mlangoni, miguuni pa Konstebo Dzoro aliyekuwa akilinda, akaingia mikono mitupu.

Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la Fakhruddin la kufua bati, Kibokoni. Ngazi yake ilitokea kichochoroni, nje ya duka, kwa hivyo mtu yeyote angeweza kupanda bila mwenye nyumba kujua. Upande mmoja palikuwa na meza ya keram, ule mchezo wa kufyatua kete kwa kidole, na viti vyake vinne. Upande wa pili palikuwa na meza kubwa iliyopakwa rangi ya bahari. Juu yake vimanowari tisa vya madini ya risasi, kila kimoja urefu wa kidole, vilipangwa sawasawa kama meli za vita zilivyotia nanga Kilindini wiki ile. Hilo ndilo kosa lenyewe. Whitlow alikwisha kuwauliza watu wa jeshi la majini, nao wakasema ni kweli, ndivyo zilivyo. Basi Fakhruddin ni mpelelezi wa adui, kwisha.

"Umerudi?"

Chengo aligeuka. Khatoon, mke wa Fakhruddin, alikuwa amesimama mlangoni, mtandio ameufunga kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana.

"Hujambo, Khatoonbai?"

"Ujambo wa wapi! Mume wangu mmemfungia, nawe waniuliza hujambo? Jana mlimbeba mtu, leo mwabeba vichezeo vyake. Kesho mtarudi kubeba sufuria?"

"Sijabeba kitu bado, mama."

"Bado!" Khatoon akaingia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu ukutani. Vijiaskari vya risasi vilijipanga safu kwa safu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na uso. "Na hawa je? Bwana wako jana aliwashika akipiga kelele, ati jeshi la siri, ati wamefichwa nyuso. Mwambie sisi twasali humu. Sanamu yenye uso haikai chumba cha sala. Fakhruddin amewakata pua kwa tupa, mmoja baada ya mwingine. Na ikiwa serikali yake yaweza kuvunjwa na askari wasio na pua, basi na ivunjike, ilikuwa mbovu tangu hapo!"

Dzoro, kule mlangoni, alikohoa ili asicheke.

"Mumeo ameniambia neno moja tu," Chengo akasema. "Nilimwendea korokoroni alfajiri. Nilimuuliza ni nani aliyemtakia mabaya. Akanijibu, Ijumaa nitasema, leo Alhamisi sisemi. Jioni anapakiwa, na bado hasemi! Nini hiyo Ijumaa?"

Khatoon alivuta kiti cha keram, akaketi. Hasira haikumtoka, ila ilipata pa kukaa.

"Kuna mtu alimletea vipande vya risasi, vipya, vina chapa ya mshale wa serikali. Alitaka aviyeyushe chapa ipotee. Fakhruddin alimkatalia. Alimwambia, rudisha ulikoitoa. Nakupa hadi Ijumaa, isiporudi nitakutaja mbele ya watu baada ya sala. Jina hakunambia hata mimi. Alisema tu, ni mtu wa kwetu, twacheza naye."

"Na ahadi hiyo ataishika hata akipelekwa bara?"

"Wamjua Fakhruddin? Huyo akikwambia Ijumaa, ni Ijumaa. Mimi nimeolewa naye, najua taabu yake."

Chengo aliinama hadi macho yake yakawa sawa na ubao wa meza kubwa. Rangi ya bahari ilikuwa na ukungu mweupe juu yake. Alitoa leso, akakishika kimanowari cha kwanza, akakiinua. Chini yake palikuwa peupe vilevile. Akainua cha pili, cha tatu, akaendelea hadi cha mwisho, na kila alichokiinua alikirudisha pale pale. Kote poda ilikuwa chini yao, imelala sawia. Juu ya migongo yao hapakuwa na hata chembe.

Basi poda ilitangulia, manowari zikafuata. Mtu aliinyunyiza, akaitandaza, halafu ndipo akapanga.

Aliona na jambo jingine. Sisimizi walikuwa wakishuka kwa mguu wa meza, safu moja ndefu kuelekea dirishani, na kila mmoja amebeba chembe nyeupe. Alichukua poda kidogo kwa ncha ya kidole, akaisugua, akainusa.

"Khatoonbai, mumeo hutia poda kwenye meza hii?"

"Hii? Ya vita? Thubutu! Angemfukuza mtu hadi baharini."

"Kwa nini?"

"Muulize Thoya huyo, yuwaja. Mimi najua tu kelele zao."

Thoya alikuwa karani wa bandarini Kilindini, kijana wa Kigiriama, shati jeupe lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyekesha. Jina lake lilikuwa la pili kinywani mwa Whitlow, maana nani mwingine angemweleza Fakhruddin meli zimekaa wapi? Badala ya kujificha Kaloleni kwa wajomba, alipanda ngazi mwenyewe.

"Nasikia mwanitafuta, Bwana Sajini," akasema. "Nimekuja kwa miguu yangu. Sitaki kukokotwa mbele ya watu kama mbuzi wa mnada."

"Wewe ndiwe uliyemwambia Fakhruddin habari za meli?"

"Habari gani? Panda kivuko cha Likoni uone. Mama muuza mihogo pale azijua zote, na ipi ina moshi mwingi. Kama hiyo ni siri, basi mkamateni na mama mihogo."

Chengo hakucheka, ingawa alitaka. "Nieleze mchezo huu."

"Mchezo wetu hasa ni keram," Thoya akasema. "Kila siku baada ya alasiri, watu wote. Hii ya vita ni ya wachache, keram ikishakwisha. Sasa tumebaki wawili, mimi na Fakhruddin, mwenzetu wa tatu yuko Lamu. Kila mtu na manowari zake. Unasogeza kwa kijiti cha kipimo, zamu kwa zamu. Ukitaka kupiga mzinga, wachukua straika, ile kete kubwa ya keram, waifyatua kwa kidole. Ikigonga, chombo kimezama."

"Na poda?"

Thoya alitikisa kichwa kama aliyeulizwa habari ya nguruwe msikitini. "Kwenye keram poda ndiyo roho, kete iteleze. Hapa ni fitina tupu! Manowari ikiteleza yenyewe, wasema mimi nimeisogeza, nami nasema wewe. Mwaka jana tulinuniana mfungo mzima kwa sababu ya meli moja. Tangu hapo Fakhruddin hupangusa meza kwa kitambaa chenye maji kabla hatujaketi. Poda hapa ni haramu."

"Ikiwa Fakhruddin hakuitia, nawe hukuitia, aliitia nani?"

Thoya alitazama meza. Ndipo akaiona, na taya yake ikakaza. "Mtu wa keram," akasema polepole. "Mtu wa keram mtupu. Mkono wake haukai juu ya ubao mkavu, hauwezi. Utatia poda kabla kichwa hakijauliza."

"Wa keram mtupu ni nani?"

"Wa keram mtupu humu ni wawili. Gaffar wa nguo na Ishak wa mchele."

Chengo alianza na Gaffar, kwa sababu Kibokoni nzima ilijua kwamba Gaffar na Fakhruddin walikuwa hawasalimiani. Duka lake lilikuwa Ndia Kuu, hatua chache tu. Alimkuta akipima kitambaa kwa mkanda, naye hakuacha kupima.

"Mlikosana na Fakhruddin," Chengo akasema.

"Nani asiyejua? Aliniita mwizi wa kete mbele ya watu. Mimi! Baba yangu alikuwa mwizi? Babu yangu alikuwa mwizi?"

"Kwa hiyo ukifurahi akienda bara, hakuna wa kukulaumu."

Gaffar aliitupa nguo juu ya meza. "Sikiza, Bwana Sajini. Mimi nataka Fakhruddin akae hapa, aniombe msamaha, kisha nimfunge keram hadi alie. Akienda bara nitamfunga nani? Hawa wengine hata kufyatua hawajui! Na michezo yake ya vimeli, watu wazima na ndevu zao, mimi siigusi."

"Poda yako iko wapi?"

Gaffar alitoa mkebe mdogo chini ya meza ya duka kwa fahari ya mtu anayeonyesha dhahabu. Ilikuwa poda ya boriki, ile ya dawa ya macho. "Tangu vita imeadimika mjini. Nina akiba ya miaka. Wengine sasa wanatelezesha kete kwa chochote, aibu tupu."

"Wengine akina nani?"

"Mimi si mchongezi," Gaffar akasema, akaokota kitambaa chake na kuanza kupima upya.

Chengo alifunga chembe za poda ile kwenye karatasi, akarudi ghorofani, akazimwaga kwenye njia ya sisimizi. Sisimizi walisimama, wakapapasa, wakazunguka pembeni na kuendelea na safari yao ya kubeba ile nyingine. Hawakugusa hata punje. Poda ya dawa hawaitaki. Waliyokuwa wakiibeba mezani ilikuwa chakula.

Unga wa mchele. Harufu yake ilikuwa imemkaa puani tangu asubuhi, harufu ya mkate wa kumimina kabla haujapikwa.

Alikuwa bado dirishani aliposikia viatu vya Inspekta Whitlow ngazini. Whitlow alikuwa mrefu, mwekundu, na alisema Kiswahili cha kuamrisha wapishi. Nyuma yake, kofia imekaa sawa na kizibao kimepigwa pasi, alikuja Ishak wa mchele.

"Sajini! Bado hapana funga sanduku?"

"Bado, Bwana."

"Kwa nini bado? Treni iko jioni! Mimi iko shahidi, hii hapa. Yeye naona kila kitu kwa macho yake."

Kumbe. Whitlow alikuwa amemficha shahidi wake tangu jana, hata kwa askari wake mwenyewe. Chengo alimtazama Ishak, na Ishak akamtazama bila kupepesa. Alikuwa mtu wa heshima zake, sauti ya chini, mkarimu wa kashata sikukuu.

"Vizuri sana," Chengo akasema. "Kabla sijaweka sahihi nataka shahidi anionyeshe alichokiona. Nairobi wakiniuliza, nisije nikabumbuazika."

Whitlow alitazama saa yake. "Sawa. Wewe onyesha yeye. Upesi."

Chengo aliisogeza meza ndogo ya chai, tupu na kavu, hadi katikati ya chumba. Kutoka kwenye rafu alichukua vimanowari vya akiba, akamkabidhi Ishak. Khatoon na Thoya walikuwa wamesimama kwenye mlango wa ndani, na Dzoro ule wa nje.

"Ulimwona kwa macho yako, Bwana Ishak?"

"Kwa mato yangu haya mawili, wallahi. Nilipanda kutafuta mtu wa kucheza naye keram, mlango ulikuwa wazi."

"Alisimama wapi?"

"Hapa, mgongo kwangu."

"Basi fanya alivyofanya. Kama ulivyoona, usiongeze wala usipunguze."

Ishak alikunja mikono ya kanzu. Aliinama juu ya meza, kisha mkono wake wa kushoto ukaingia kwenye mfuko wa kizibao na kutoka na kijifuko cha kitambaa. Alikitikisa mara mbili tatu. Unga mweupe ukaanguka. Aliutandaza kwa upande wa kiganja, duara kwa duara, akapuliza uliozidi. Ndipo akachukua kimanowari cha kwanza na kukiweka.

Thoya alishika mwimo wa mlango.

"Fakhruddin alifanya hivyo?" Chengo akauliza.

"Hivi hivi."

"Na poda alitia?"

Ishak alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima akimsahihisha mgeni. "Bwana Sajini, wewe hujui keram. Kila mtu hutia poda kwanza. Mchezaji haweki kitu juu ya ubao mkavu."

"Muongo!" Khatoon akapiga kelele hata Whitlow akaruka. "Muongo mkubwa we! Humu hamna aliyetia poda meza ya vita tangu mfungo wa mwaka jana! Ungelibaki kucheza hata siku moja ungelijua. Lakini keram ikikwisha wewe mbio dukani!"

Ishak alitazama mkono wake mwenyewe. Kijifuko kilikuwa bado kimo ndani yake.

Chengo alimweleza Whitlow polepole, jambo kwa jambo, bila kuruka: poda chini ya manowari zote tisa, wenye mchezo wanaoipangusa, sisimizi wanaoikimbia dawa na kuila hii, unga wa mchele, na muuza mchele. Kisha akasema, "Fakhruddin alikataa kumyeyushia mtu madini ya risasi ya serikali, akampa muda hadi kesho Ijumaa. Kesho Fakhruddin akiwa bara, nani atamtaja huyo mtu? Dzoro, nenda ghala la Bwana Ishak. Inua magunia ya unga, utazame chini."

"Nina kibali cha mchele!" Ishak akasema.

"Hatutafuti mchele."

Dzoro alirudi akihema, kipande cha risasi amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mshale wa serikali umechapwa ubavuni. "Viko vingi, afande. Vimejaa."

Ishak alikaa kwenye kiti cha keram, kile alichokizoea. "Alinipa hadi Ijumaa," akasema, na sauti yake haikuwa ya chini tena. "Angenitaja mbele ya watu wote, baada ya sala! Nina mabinti wa kuoza. Mlitaka nifanye nini?"

"Urudishe!" Khatoon akasema. "Ungelirudisha tu, mwanakwetu! Basi!"

Dzoro alimfunga pingu. Chengo alidhani kazi imekwisha. Lakini Whitlow alikuwa amesimama pale pale, wekundu wake umepanda hadi masikioni.

"Ishak shika," akasema. "Sawa. Lakini Mhindi ile nyingine nakwenda tu leo. Mimi napeleka simu Nairobi jana, nasema iko jasusi. Sasa mimi sema nini? Sema unga? Sema siafu? Watu nacheka mimi!"

"Wacheke, Bwana," Chengo akasema.

"Nini?"

"Nimesema wacheke. Kicheko hakijamuua mtu. Yule hana kosa."

Whitlow aliichomoa karatasi mfukoni, akaitandika juu ya meza ya keram, akaweka kalamu juu yake. "Tia sahihi."

"Sitii."

"Mimi natoa wewe tepe! Leo leo!"

"Tepe ni zako, Bwana, zichukue. Mkono huu ni wangu." Chengo alichukua kipande cha risasi kutoka kwa Dzoro, akampa Thoya abebe. "Khatoonbai, twende stesheni."

Wakatoka. Wakapita Ndia Kuu, na Gaffar, alipoona mshale ule mikononi mwa Thoya, aliacha duka lake wazi akawafuata. Makadara wakaongezeka wengine, Mwembe Tayari wengine zaidi, hata walipofika stesheni Chengo hakuweza kuhesabu waliokuwa nyuma yake. Garimoshi lilikuwa linapumua. Fakhruddin alikuwa ndani ya behewa la nyuma, mtu mdogo mwenye vidole vilivyoungua, amefungwa pingu kwenye chuma cha kiti.

"Mfungue," Chengo akamwambia askari wa zamu.

"Kwa amri ya nani, Sajini?"

"Yangu."

Askari aliangalia ule umati, akaangalia kipande cha risasi, akatoa ufunguo. Pingu zikaanguka. Chengo alimwambia Fakhruddin yote kwa ufupi: poda, unga, magunia, Ishak. Jina la Ishak lilipotajwa Fakhruddin alifumba macho.

"Sikumtaja mimi," akasema.

"Hukumtaja. Mkono wake ndio uliomtaja. Teremka, ndugu yangu."

"Siteremki."

"Fakhruddin!" Khatoon akasema.

"Siteremki, Khatoon. Jana nilipitishwa mjini mchana kweupe nimefungwa, watoto wakiniita jasusi. Leo niteremke nijipenyeze vichochoroni kama mwizi? Aliyenipitisha na anirudishe."

Wakati huo motokaa ya Whitlow ilisimama nje kwa kishindo. Inspekta alikuja akipenya watu, akafika mlangoni mwa behewa na kuwakuta wote wamemkodolea macho: wapagazi, wanawake wa mabuibui, makarani, Gaffar na mkanda wake wa kupimia shingoni. Alifungua kinywa kuamrisha. Macho yake yakatua kwenye kipande cha risasi mikononi mwa Thoya.

"Kwenda nyumbani," alisema mwishowe, hakumtazama mtu. "Ingia motokaa. Dereva napeleka wewe."

"Nilikuja kwa miguu," Fakhruddin akajibu.

Basi Chengo akapanda behewani, akamshika Fakhruddin mkono ule uliokuwa na alama ya pingu, akateremka naye. Hawakwenda kwenye motokaa. Walishika barabara kubwa, katikati, Khatoon upande mmoja, sajini upande wa pili, na watu nyuma.

"Sajini Chengo!" Whitlow aliita kutoka kwenye ngazi za stesheni. "Sajini, rudi hapa!"

Chengo alisikia vizuri sana. Alinyanyua mkono wa Fakhruddin juu zaidi, watu wauone, akaendelea kutembea.